WADOGO WETU WANAKUA, NANI ATAWAAMBIA?



Kwa kawaida katika kurasa hizi tunaandika juu ya usafi wa kiwanja, juu ya wanaochelewa asubuhi, na juu ya mpira. Leo sisi makapita, pamoja na wenzetu finalisti, tunataka kuandika juu ya jambo ambalo hapa kwetu Mavivi watu wanalinong'ona tu. Ni jambo la mwili wa mtoto unaogeuka kuwa mwili wa mtu mzima, yaani balehe. Tunajua wengine watasema: «Hii haiko ya kuandika mu gazeti ya shule ya Kanisa!» Tunawaomba wasome mpaka mwisho, kiisha watuhukumu.

Wazo letu ni moja. Watoto wa darasa la saba na la nane wanapaswa kuambiwa mapema, tena kwa kinywa cha watu wazima wanaowapenda, mambo gani yanakuja katika mwili wao na katika moyo wao. Kwa sasa hawaambiwi. Wanajifunza kwa kuchekwa.

TUNAYOYAONA SISI MAKAPITA

Sisi makapita tunasimama karibu na wadogo kuliko waalimu. Tunawapanga mistari asubuhi, tunawahesabu, tunajua nani hakuja. Basi tunaona mambo.

Tunaona msichana anayekataa kusimama wakati wa kwenda nje, kwa sababu jupe yake ya buluu imelowana nyuma. Wavulana wa benchi ya nyuma wanaanza kupigana viwiko. Kesho yake msichana hayuko, kesho kutwa hayuko, na mwezi unaofuata anakosa tena siku zile zile. Mwalimu anaandika «absenti» katika kitabu chake, na kwenye mtihani tunashangaa kwa nini mtoto mwenye akili amepata alama za chini.

Tunaona mvulana aliyekuwa anaimba sauti ya kwanza katika kwaya. Siku moja sauti inakatika katikati ya wimbo, wote wanacheka, wanamwita «Jogoo». Wiki mbili nyuma ya pale ameacha kwaya. Tunaona mwingine ambaye ameamka usiku akakuta nguo imelowana, akafikiri ameshikwa na ugonjwa wa aibu. Hakuuliza mtu. Alienda kununua vidonge vya kapsule kwa mwuza dawa wa barabarani na kuvimeza bila kujua ni vya nini. Tunaona pia yule mfupi kuliko wote, ambaye wenzake wamekwisha kuota ndevu naye bado, na ambaye hataki tena kuvua shati wakati wa michezo.

Hakuna mmoja kati ya hawa aliyekuwa mgonjwa. Wote walikuwa wanakua tu. Shida yao ilikuwa moja: hakuna aliyewaambia mbele.

ZAMANI KULIKUWA NA MAHALI PA KUAMBIWA

Tusifikiri kwamba wababu wetu walikuwa na haya kuliko sisi. Wanande wa zamani walikuwa na olusumba, tohara ya vijana. Vijana walitengwa na mama zao, wakakaa pamoja, wakatahiriwa, na wazee wakawafundisha namna mtu mume anavyopaswa kujichukua. Katika pori la Ituri, Wabira na Wambuti walikuwa na nkumbi, ambayo ni jambo la namna ile ile.

Na wasichana? Wambuti, jirani zetu wa pori, walikuwa na elima. Msichana akiona damu yake ya kwanza, hawakumficha kama mwenye kosa. Aliingia katika nyumba ya elima pamoja na rafiki zake, mama mkubwa mmoja akawa nao, akiwafundisha kazi na nyimbo za wanawake, na kambi nzima ikafurahi. Mwingereza mmoja, Colin Turnbull, aliyekaa na Wambuti kule Epulu katika miaka ya 1950, aliandika habari hizo katika kitabu chake cha mwaka 1961. Ajabu yake ni hii: watu ambao wengine wetu tunawadharau na kuwaita washenzi wa pori, walijua kumpongeza mtoto wa kike siku ile ambayo sisi wenye kalamu na viatu tunamcheka.

Sisi hatuombi olusumba irudi. Wembe mmoja kwa vijana wengi, vipigo, vitisho, hayo yote yaende na wakati wake. Lakini tuangalie vizuri kile kilichotendeka. Leo wengi wetu wavulana tulitahiriwa hospitalini tungali watoto wadogo, hata hatukumbuki. Kisu kilibaki, mafundisho yakapotea. Tulifunga nyumba ya zamani, tena labda tulifanya vema kuifunga, lakini hatukujenga nyingine pahali pake.

MPIRA WA PASI

Ukiuliza leo nani mwenye kazi ya kuwaambia watoto, utaona mchezo wa pasi. Baba anasema: «Tunalipa shule, waalimu watamufundisha.» Mwalimu anasema: «Mimi niko na programu ya kumaliza, tena mambo hayo ni ya nyumbani.» Mzazi mwingine anasema ni kazi ya Kanisa. Kanisani wanasema vijana wangoje mafundisho ya ndoa. Mpira unapita kwa huyu, unapita kwa yule, hakuna anayepiga goli, na mtoto anasimama katikati anaangalia tu.

Zamani ilikuwa kazi ya shangazi na nyanya, jioni, karibu na moto. Lakini kwetu huku moto huo umezimwa zaidi ya mara moja. Tangu Oktoba 2014, wakati mauaji ya raia yalipoanza katika upande wetu wa Beni, jamaa ngapi zimekimbia Eringeti, Mbau, Kainama, Oicha? Shangazi yuko Butembo, nyanya amekufa njiani ao amebaki kijijini, baba amepotea. Mtoto anaishi kwa jamaa iliyomupokea, watu kumi katika chumba kimoja. Mama mwenye kumupokea anatafuta chakula. Ataanza vipi kumueleza msichana wa watu kwamba siku moja ataona damu, na kwamba asiogope?

Na damu, katika inchi ya vita, si neno nyepesi. Mtoto aliyeona damu ya watu njiani, akiamka na kuona damu katika nguo yake mwenyewe, bila mtu aliyemwambia, atafikiri nini? Tunawaomba wakubwa wafikiri juu ya neno hili moja tu kabla ya kusema kwamba tunazidisha.

EBOLA ILITUFUNDISHA KITU

Tarehe 1 Agosti 2018 serikali ilitangaza Ebola kule Mangina, si mbali na hapa. Ugonjwa ule ulikaa nasi mpaka tarehe 25 Juni 2020, na watu zaidi ya 2.200 walikufa. Sisi tunaomaliza sasa tulikuwa watoto wa shule ya msingi. Tunakumbuka ndoo ya maji ya klori mlangoni, na kile chombo cha kupima joto ambacho walituelekeza kwenye paji la uso.

Basi tukumbuke pia namna watu walivyosema wakati ule. Mwanzoni kulikuwa na kimya na uvumi. «Ebola haiko, ni biashara.» «Ukienda kule wanakuchoma sindano unakufa.» Uvumi ule uliua watu, kwa sababu waliogopa kwenda kutunzwa. Nyuma yake, katika redio, kanisani, sokoni, watu wakaanza kutaja mambo kwa majina yake: damu, jasho, matapishi, hata maji ya uzazi ya mwanamume aliyepona. Wachungaji walitaja. Mama wa heshima walitaja. Hakuna aliyesema wanaharibu watoto, kwa kuwa kila mtu alielewa kwamba pahali penye kimya, uvumi unajenga nyumba yake.

Kama tuliweza kutaja mambo ya mwili ili tusife, juu ya nini hatuwezi kuyataja ili watoto wakue vizuri?

MAMBO YENYEWE, KWA UFUPI

Kwa kuwa tunalaumu kimya, haifai sisi wenyewe tunyamaze. Wadogo, sikieni.

Chini ya ubongo kuna tezi ndogo sawa chembe ya maharage, jina lake hipofizi. Wakati ukifika, ubongo unaiamsha, nayo inatuma ujumbe katika damu. Ujumbe huo unaitwa homoni. Kwa wasichana unaamsha mifuko ya mayai, kwa wavulana unaamsha korodani, na hapo kazi inaanza. Kwa wasichana inaanza kwa kawaida kati ya miaka 8 na 13, kwa wavulana kati ya 9 na 14. Njo maana katika darasa la saba wasichana wengi wanapita wavulana kwa urefu. Wavulana, msikasirike, zamu yenu inakuja. Lakini mtu akifika miaka 14 ao 15 bila alama yoyote, si laana na si uchawi. Aende kwa muganga kuuliza. Mara nyingi ni njia ya jamaa yao tu, ao ni njaa. Mwili usiopata chakula cha kutosha unachelewa, na huku kwetu wenye kukimbia mashamba yao wanajua njaa hiyo. Hata Ulaya, katika karne ya 19, wasichana wengi walichelewa kuona mwezi mpaka karibu miaka 16, sababu maisha yalikuwa magumu.

Kwa wasichana: maziwa yanaanza kuota, mara nyingine upande mmoja mbele ya mwingine, na yanauma kidogo. Nywele zinaota kwapani na chini. Nyonga zinapanuka. Karibu miaka miwili ao zaidi nyuma ya maziwa kuanza, hedhi inakuja, yaani kuona mwezi. Kila mwezi tumbo la uzazi linatandika kitanda cha kumpokea mtoto. Mtoto asipokuwako, kitanda kinatandikuliwa, kinatoka kama damu. Si uchafu, si kidonda. Inakaa siku 2 mpaka 7, na damu yenyewe si nyingi sawa inavyoonekana. Kwa kawaida haipiti vijiko sita vya supu. Katika miaka ya kwanza siku hazina mpango: mwezi huu inakuja, mwezi unaofuata inaruka. Ni kawaida. Lakini ikipita siku 7, ao ikiwa nyingi mno, ao maumivu yakizuia kutembea, msifiche, mwende kituo cha afya. Mwenye kutumia vitambaa avifue kwa sabuni na kuvianika kwenye jua. Kitambaa kilichofichwa chini ya godoro kikiwa mbichi kinaleta ugonjwa. Jua ni dawa, haya siyo dawa. Na mle sombe, lenga-lenga na maharage, kwa maana mwili unahitaji chuma cha kutengeneza damu.

Kwa wavulana: korodani zinakua kwanza, kiisha nywele, kiisha uume, kiisha urefu. Mikono na miguu inatangulia, njo maana mnajikwaa na kuvunja vikombe nyumbani. Koo linapanuka, nyuzi za sauti zinakuwa nene na ndefu, na kwa miezi mingi sauti haijui ikae wapi. Mtu wa kwaya asiache. Apumzishe sauti za juu, na mwongozi ampeleke polepole kwenye sauti ya tatu ao ya ine. Usiku manii inaweza kutoka katika usingizi. Si ugonjwa, si dhambi uliyoitenda, si jini. Mwili unajaribu mashine yake mpya. Wavulana wengi pia wanaona uvimbe mdogo chini ya chuchu. Hamtageuka wasichana! Kwa wengi inaondoka yenyewe ndani ya mwaka mmoja ao miwili.

Kwa wote: jasho linabadilika harufu, kwa hiyo maji na sabuni kila siku, hasa kwapani. Uso unatoa mafuta na vipele. Msivibinye, na msipake dawa za kugeuza rangi ya ngozi.

Na kuna uongo tatu tunataka kuukata hapa. Uongo wa kwanza: kwamba kijana asiyelala na msichana atapata ugonjwa. Hakuna ugonjwa wa namna hiyo. Uongo wa pili: kwamba kulala na mtu kunaponya vipele vya uso. Vipele vinapona kwa wakati na kwa usafi. Uongo wa tatu: kwamba msichana hawezi kubeba mimba mara ya kwanza, ao mbele ya kuona mwezi wake wa kwanza. Anaweza. Yai linaweza kutoka mbele ya damu ya kwanza kuonekana.

NA MOYO NAO

Watu wazima wengi wanaona mwili tu. Lakini moyo nao unapanda na kushuka sawa barabara ya Butembo. Asubuhi unacheka, saa sita unalia, jioni unamjibu mama vibaya na hujui sababu. Unapenda mtu katika darasa na unafikiri wote wanaona. Unataka kuwa peke yako, na ukiwa peke yako unajisikia umeachwa. Hayo si kichaa. Homoni zina sehemu yao. Tena sehemu ya mbele ya ubongo, ile ya kupima mambo na kusema «ngojea kwanza», inakomaa nyuma ya zingine zote, mpaka karibu miaka 25. Kwa hiyo kijana ana moto mingi na breki ndogo. Akijua hivyo, atajifunza kuhesabu mpaka kumi mbele ya kujibu. Mzazi naye akijua hivyo, hatasema mara moja kwamba mtoto ameingiwa na pepo.

Lakini tuseme neno la kuangalia hapa. Si kila huzuni ni ya balehe. Kuna mwenzetu asiyelala kwa sababu akifumba macho anasikia risasi. Kuna anayeshtuka mlango ukigongwa. Kuna aliyeacha kula. Hao tusiwaambie: «Ni kukua tu, itapita.» Tuwapeleke kwa mwalimu anayeaminika, kwa mchungaji, kwa muuguzi.

MWILI KUKUA SI RUHUSA

Hili ni kali, lakini tutalisema. Msichana wa miaka 13 anaweza kuwa na mwili wa mama na akili ya mtoto. Kuna watu wazima wanaoangalia mwili tu. Mwenye pikipiki anampandisha bure. Mwenye duka anampa simu. Mwenye silaha haombi hata. Kuna pia, tusifiche, mwenye kutoa alama. Msichana asiyefundishwa anafikiri: «Kumbe mwili wangu umekwisha kuwa mkubwa, basi njo vile inakuwa.»

Hapana. Kwa sheria ya inchi yetu ya tarehe 10 Januari 2009, mtu asiyefika miaka 18 ni mtoto. Sheria za tarehe 20 Julai 2006 juu ya ubakaji zinasema mtu mzima anayelala na mtoto amebaka, hata kama mtoto alisema ndiyo. Na Kodi ya Jamaa, iliyoruhusu tangu 1987 msichana wa miaka 15 kuolewa, iligeuzwa mwaka 2016: sasa ni miaka 18 kwa mvulana na kwa msichana. Aliyetendewa mabaya hana kosa. Asikae nyumbani akioga na kulia. Akimbilie kituo cha afya mbele ya saa 72 kupita, maana katika saa hizo kuna dawa za kuzuia virusi vya SIDA. Mtoto ambaye hajui hata jina la viungo vyake, atasema vipi kwamba mtu amevigusa?

WANAOPINGA

Kuna wanaotuambia: «Mkiwafundisha, mnaamsha simba aliyelala.» Kwa heshima yote tunajibu: simba halali tena. Pahali pa kuchaji simu, watoto wa miaka kumi wanaonyeshana video chafu. Hayo ni mafundisho nayo, isipokuwa mwalimu wake ni mbaya. Mtoto hachagui kati ya kujua na kutojua. Tunachoweza kumchagulia ni mwalimu.

Wengine wanasema si mambo ya Kanisa. Lakini Biblia yenyewe haina haya kama sisi. Walawi sura ya 15 inataja mtiririko wa mwanamume na hedhi ya mwanamke katika sura moja, waziwazi, na ilisomwa mbele ya watu. Na katika Marko sura ya 5, mwanamke mwenye kutoka damu miaka 12 alijificha katikati ya watu kwa woga. Yesu hakumtukana, alimwita binti yake. Kama Bwana alifanya vile, mvulana wa benchi ya nyuma anacheka kwa ruhusa ya nani?

Wengine wanasema hakuna saa. Lakini kozi ya elimu ya maisha iko katika programu, na sura ya uzazi iko katika kozi ya biolojia. Tunawaomba waalimu, bila kumkosea mtu heshima: ile sura isirukwe, wala isisomwe haraka-haraka dakika tano mbele ya kengele.

TUNAYOOMBA

Tusipige kelele bure. Tunaomba mambo matano, na mengine tutayafanya sisi wenyewe.

1. Saa moja mara mbili kwa mwezi kwa darasa la saba na la nane. Wasichana na Mama mwalimu pamoja na muuguzi wa kituo cha afya, wavulana na mwalimu mume. Kiisha mara moja kwa miezi mitatu wakae wote pamoja, ili wavulana wajue ya wasichana na wasichana wajue ya wavulana. Mtu anacheka asichokijua.

2. Sanduku lenye tundu karibu na ofisi. Mwenye swali aandike bila jina, na wakubwa watajibu katika ile saa.

3. Choo cha wasichana kiwe na mlango wenye kufungwa kwa ndani, ndoo ya maji, sabuni, na shimo la kutupa vilivyotumika. Sisi finalisti tunajitolea kutengeneza mlango katika salongo ya Jumamosi; tunaomba shule itupe mbao na misumari tu. Na katika ofisi ya Mama mwalimu kuwe na vitambaa safi na Kotex chache, na jupe moja ya akiba. Vitagharimu kidogo kuliko mtoto aliyeacha masomo.

4. Anayemcheka mwenzake kwa ajili ya mwili wake aadhibiwe sawa mwizi, kwa maana anamuibia mwenzake shule. Sisi makapita tutaanza na madarasa yetu ya juu, maana kicheko kinatoka juu kinashuka chini.

5. Komite ya wazazi waandikiwe barua, waalikwe, waelezwe kitakachofundishwa. Hatutaki kufanya kitu nyuma ya mgongo wa baba na mama. Tunataka waanze wao, shule ifuate.

Katika dunia nzima, tangu 2014, tarehe 28 ya mwezi wa 5 ni siku ya kukumbuka usafi wa hedhi. Walichagua 28 kwa sababu mzunguko una wastani wa siku 28, na mwezi wa 5 kwa sababu damu ina wastani wa siku 5. Tunaomba shule yetu iweke siku hiyo katika kalenda. Isiwe siku ya makofi na hotuba. Iwe siku ya kwenda kuangalia kama mlango wa choo ungali unafungwa.

KWENU WADOGO

Kwenu ninyi wa saba na wa nane. Sisi tutafanya Exetat, tutaondoka. Wengine tutaenda Butembo, wengine Bunia, wengine tutabaki hapa shambani. Kinachotendeka katika mwili wenu kilitendeka kwa Bwana Prefe, kwa mchungaji, kwa mama zenu sokoni, kwa kila rubani anayeshuka na ndege yake hapa kwenye uwanja wetu. Hakuna aliyeruka darasa hili. Mwenye kutangulia asijivune, mwenye kuchelewa asilie. Ukiwa na swali, uliza. Ukiogopa kuuliza mkubwa, andika. Ukimuona mwenzako amekwama kwenye benchi, mpe sweta yako ajifunge kiunoni, umsindikize, na ufunge kinywa chako.

Wakubwa nao tunawangojea. Kurasa za gazeti hili ziko wazi kwa mwenye kutujibu, hata kama anatupinga.

Ni sisi,
Makapita na finalisti wa shule